Swali Jepesi Nililomtafutia Sabina

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini, myabandike ukutani kwenye chumba chetu cha tiba ya usemi, na mkaongeza kwa adabu kwamba yasizidi kurasa mbili. Yatazidi. Mtu aliyeshinda maisha yake yote akiwaambia watoto "sema tena, sema tena" hamwezi kumnyamazisha ukurasa wa pili. Vyeo na mishahara naviruka, maana hata vilipokuwepo havikuwa vya kusimulia. Nitaanza na siku ya kwanza, nitapita kwenye vifaa, halafu nitawaeleza kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo mpaka leo hakuna hata mmoja wenu anayelijua.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwenye hospitali moja pale Mbeya, kijana bado, sijui lolote kuhusu tiba ya usemi. Matroni akaniita asubuhi moja. "Subilaga, wewe si ndiye unayeongea sana?" Nikaona nimekwisha, leo naandikiwa barua ya onyo. Nikasema ndiyo, matroni. "Basi nenda chumba cha mwisho kule kwa Mzee Sanga. Anataka mtu wa kuongea." Ndivyo nilivyopata kazi. Kozi na vyeti vilikuja baadaye, lakini mlango niliingilia kwa umbea.

Mzee Sanga alikuwa muuguzi wa siku nyingi, Mkinga wa Makete, mfupi, koti lake jeupe linapita magoti. Kazi aliwaibia wageni kwa macho. Walikuwa wanakuja na madaktari wa kushona midomo iliyopasuka, wanakaa wiki mbili, wanaondoka, naye nyuma anabaki na watoto wote na daftari alilojaza kwa penseli. Chumba kilikuwa stoo. Ukikaa kwenye benchi, magoti yako yanagusana na ya mgonjwa.

Siku ile alikuwa na mtoto wa miaka minne, mdomo umeshonwa vizuri, kovu dogo tu. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Mbona huyu ameshapona?" Mzee Sanga akanipa tochi. "Mwambie afungue, uangalie juu, siyo mbele." Nikaangalia juu. Nikaona mshono unapita katikati ya paa la mdomo, kwenye kaakaa, kuanzia nyuma ya meno hadi kule kwenye kilimi. "Huyu alizaliwa kaakaa liko wazi," akasema. "Mdomo na pua vilikuwa chumba kimoja. Daktari ameweka dari. Lakini mtoto hajui kama dari ipo."

Hilo ndilo jambo la kwanza mnalopaswa kuwaeleza wazazi, na mlieleze kila mara kama vile ni mara ya kwanza. Ili useme P, au B, au T, au K, lazima hewa ijikusanye mdomoni, halafu uiachie. Kaakaa likiwa wazi, hewa inapandia puani. Mtoto hawezi kusubiri daktari ndipo aongee, kwa hiyo anajitafutia njia zake: sauti nyingine anazipitisha puani, nyingine anazikatia kooni. Akishashonwa, njia mpya ipo lakini yeye anapita ile ile ya zamani. "Baba" inatoka "mama". Nimepokea wababa wazima wenye ndevu wakija kunilalamikia kwamba mtoto anaita mama tu kutwa nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyewapangia.

Sheria ya Mzee Sanga ilikuwa moja: mtoto akiulizwa, anajibu mtoto. Mzazi akimjibia, anatolewa nje akaote jua. Nimemwona akitoa akina mama, akina shangazi, na safari moja padri mzima na kanzu yake. Padri alitoka kwa upole sana. "Huruma ya kujibia ndiyo inayotumalizia watoto," alikuwa anasema, halafu anaendelea na chai yake.

Kuhusu vifaa, nianze na toba. Miaka yangu ya mwanzo niliwapulizisha watoto wa Mbeya kila kitu kinachopulizika. Manyoya ya kuku, vipande vya pamba, povu la sabuni, mishumaa. Tulikuwa na mashindano na zawadi ya biskuti. Halafu akaja mkufunzi mmoja kutufundisha, akatuambia bila hata kupunguza sauti kwamba kupuliza humfundisha mtoto kupuliza, basi. Anayetaka kusema P afundishwe kusema P. Nikakumbuka mishumaa yote ile! Nilikuwa nimezalisha mabingwa wa kupuliza mkoa mzima, na "papai" haisemeki. Siku iliyofuata niliwapa kuku manyoya yao.

Kingine ni kioo. Mnakijua, kile kidogo cha kushikia chini ya pua. Mtoto akisema "papa", hewa ikivuja puani kioo kinaingia ukungu. Nilikiamini kile kioo kama ndugu. Kliniki zetu za nje tulianzia Igawa, kwenye joto na vumbi la barabarani, na pale kioo hakikuwahi kunidanganya. Halafu nikahamishiwa Iringa, nikapewa kliniki ya kila mwezi kule Igowole. Unaiacha barabara kuu pale Nyololo, unaingia ndani, na baridi inakupokea hata kabla ya watu. Ilikuwa mwezi wa saba. Nikapima watoto kumi na mmoja, wote kioo kimejaa ukungu. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba wote hewa inavuja, wote warudishwe kwa daktari wa upasuaji. Kumi na mmoja! Mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akaniambia taratibu, "Sista, samahani, hebu jipime na wewe." Nikajipima. Ukungu mtupu. Kioo cha baridi kinapata ukungu hata ukikiwekea ng'ombe wa jirani.

Nikachana karatasi zote kumi na moja. Tangu siku hiyo natumia mpira wa dripu: unakata kipande, upande mmoja kwenye pua ya mtoto, upande mwingine kwenye sikio lako. Hewa ikivuja unaisikia inakupiga, iwe Igawa au Igowole. Na yule mama aliyenitoa kwenye aibu nikamuuliza amemleta nani.

Alikuwa amemleta binti yake. Msichana mrefu wa miaka kumi na minne, amejifunga mtandio hadi puani. Nikadhani ni baridi.

"Kamwene," nikamsalimia. Kihehe changu ni cha salamu tu.

"Kamwene, Sista," akajibu mama. "Anaitwa..."

Nikainua mkono. "Nimemsalimia yeye, mama. Unaitwa nani, mwanangu?"

Yule binti akafungua begi la shule, akatoa daftari na kalamu, akaandika: Sabina. Akafikiri kidogo, akaandika chini yake: Nataka kuulizwa swali.

Hapo ikabidi nimruhusu mama aongee. Sabina alishonwa kaakaa akiwa na miaka sita, na alishonwa vizuri, niliangalia mwenyewe kwa tochi. Waliambiwa amepona. Wakashukuru, wakarudi kwenye chai na viazi vyao, na hakuna aliyewaambia kwamba bado kuna mtu anaitwa mimi. Shuleni alipoulizwa jina alisema "Hamina", basi darasa zima likamwita Amina, na familia yenyewe ni Walutheri tangu babu. Akaacha kuongea na watu wa nje. Anaandika.

Sasa alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Kule kwao, Jumapili ya kipaimara, kabla hawajawekewa mikono, mchungaji anawauliza watoto mbele ya usharika wote. Kila mmoja swali lake, anasimama, anajibu, bibi zake wanasikia. Mwinjilisti, anayewafundisha, alikuwa ameshamwambia mama kwamba Sabina atasimama kwenye mstari na gauni jeupe kama wenzake, ila kwenye maswali atarukwa.

"Siyo kwa ubaya, Sista," mama akasema. "Anamhurumia. Watu watacheka."

Sabina akapigia mstari neno Nataka. Akapiga tena, karatasi ikatoboka.

Tulikuwa na miezi minane. Nilimwambia ukweli kwamba kwa umri wake ni kazi, na kwamba nitamkera. Akaandika: Sawa. Nikachukua kalamu nikaiweka mfukoni kwangu. Nikamwambia humu ndani kalamu ni ya Sista peke yake. Aliniangalia kwa jicho ambalo, kama macho yangeua, ningekuwa marehemu.

P ilikuja ndani ya mwezi mmoja. Tulikuwa tunaweka mkono mbele ya mdomo, hewa ipige kiganja, na tukaisema P kwa kunong'ona mpaka koo likasahau kuingilia. B ikafuata. T ilitaka meno, na meno yake yalikuwa na safari zao, lakini ikaja. Kati ya kliniki na kliniki mama alikuwa ananitumia sauti kwa simu, kila Jumamosi, akiwa amepanda kwenye kilima cha mtandao. Nasikia upepo, nasikia watu wanachuma chai, halafu katikati: "Pa. Pa. Papai. Tatu." Na mama: "Sista, umesikia?" Nasikiliza nikiwa jikoni kwangu Iringa, ugali unaungua.

K ilikataa. K ni jeuri, iko nyuma kabisa kooni, huwezi kumwonyesha mtoto kwa kidole. Nilimwanzisha na sauti ya mwanzo wa "ng'ombe", maana ulimi unakaa pale pale, nikambana pua, nikamwambia asukume. Akasukuma. Alikuwa anatokwa jasho kwenye baridi ile. Siku nyingine K mbili safi, siku nyingine hakuna. Na S ilikuwa inampandia puani kila akichoka.

Wiki mbili kabla ya kipaimara nikampima, na nitawaambia kama nilivyoandika kwenye faili: K inatoka mara mbili kati ya tano. Nikaingiwa na hofu. Nikamwona amesimama mbele ya kanisa lile, neno limekwama, watu wanacheka, na miezi minane yote inarudi kwenye daftari na mtandio. Sikulala vizuri juma lile. Mapenzi nayo ni ugonjwa.

Basi nikafanya jambo ambalo ni mtu wa kazi yetu tu anayeweza kulifanya. Nikaazima kijitabu chake cha mafundisho, nikamwambia nataka kuona maneno. Nikakaa na kalamu nyekundu, nikapita kila swali na kila jibu, nikizungushia duara kila K, kila S, kila Z, kila kitu kinachoweza kumwangusha. Kurasa zikawa kama mtoto mwenye surua. Mwisho kabisa, kwenye yale maswali ya wadogo, nikalipata. Swali: nani aliyeumba mbingu na nchi. Jibu: Mungu. Neno moja, na linapita puani lenyewe kwa asili yake, hata asiyewahi kushonwa kaakaa halimshindi.

Nikamfuata mwinjilisti nyumbani kwake. Mtu mwema kweli, alikuwa anapalilia mahindi, akaweka jembe chini akanisikiliza. Nikamwomba Sabina aulizwe, asirukwe, ila aulizwe hilo. Uso ukamng'aa. "Sista, umenitua mzigo. Nitamwandikia mchungaji kwenye karatasi." Tukashikana mikono. Kijitabu nikamrudishia Sabina, na sikumwambia chochote. Nilijiona nina akili kuliko Mbeya na Iringa kwa pamoja.

Jumapili nilikaa benchi la tatu na kitenge kipya. Kanisa limejaa hadi madirishani. Mama yake Sabina alikuwa upande wa kwaya. Watoto kumi na wanne mstari mmoja, Sabina wa tisa, hana mtandio. Mchungaji akaanza na karatasi yake. Huyu akaulizwa amri ya nne na maana yake, yule akaulizwa kuhusu sala. Kijana wa sita akaulizwa habari za ubatizo, akavuruga, akasaidiwa, akamaliza. Ikafika zamu.

"Sabina. Ni nani aliyeumba mbingu na nchi?"

Watu wakatazamana. Nyuma yangu mama mmoja akasema "jamani" kwa sauti ya kuhurumia mtoto mchanga. Sabina akamkazia macho mchungaji. Nikawa nasema ndani kwa ndani, sema, mwanangu, ni neno moja tu.

"Mungu," akasema. Safi kabisa.

Nikashusha pumzi. Mchungaji akageukia wa kumi.

"Lakini, mchungaji," akasema Sabina, "hilo ni swali la watoto wadogo. Naomba la kipaimara, kama wenzangu."

Mtu wa kazi hii haachi kazi hata kanisani. K ya "lakini" ilitoka vizuri. Ya "kipaimara" ilikatikia kooni. Ya "kama" ikatoka. Haya yote niliyasikia kabla sijaelewa alichosema. Nilipoelewa, nilitaka benchi lile linimeze. Mchungaji akaitazama karatasi, akamtazama mwinjilisti, na mwinjilisti, Mungu amsamehe, akanitazama mimi. Usharika mzima ukafuata macho yake.

Mchungaji akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Haya, binti yangu. Tueleze ubatizo unatufaa nini."

Lile lile lililomvuruga kijana wa sita. Sabina akavuta pumzi akaanza. Alikwenda polepole, neno moja moja, S zake mbili zikapanda puani na akaendelea tu. Akafika kwenye "wokovu", ikakwama. Akarudi nyuma. Ikakwama tena. Mwinjilisti akaanza kufungua mdomo ili amsaidie, kwa ile huruma yake, na kwa kweli na mimi nilikuwa nimeshafungua wangu. Kutoka upande wa kwaya mama yake akasema kwa nguvu, ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu:

"Mwacheni!"

Tukafunga midomo. Sabina akafumba macho. Nilijua anachofanya, anautafuta ulimi wake kule nyuma. Akasema, "Wo-kovu." Akarudia bila kuambiwa, "wokovu", kisha akaendelea mpaka mwisho wa jibu, refu kuliko la mtu yeyote siku ile, na watu waliokaa madirishani wakalisikia lote.

"Umejibu," mchungaji akasema. Akageukia wa kumi.

Baada ya ibada watu walikuwa nje wanapiga picha na kugawiwa wali. Nilikaa mbali kidogo nikijifanya natafuta kitu mkobani. Sabina akanifuata na gauni lake jeupe, mama yake nyuma. Akafungua kijitabu, akanionyesha maduara yangu mekundu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka lile swali la mwisho lisilokuwa na duara hata moja.

"Nilijua siku ile ile uliponirudishia," akasema.

"Wiki mbili, Sista," mama akadakia. "Tukichuma chai anasema naomba la kipaimara, naomba la kipaimara. Mpaka wenzetu wa shambani wakawa wanamwambia haya, tumekupa." Akacheka. Sabina hakucheka.

"Ulidhani sitaweza?"

Ningeweza kumpa maneno ya hospitali. Ninayo mengi, nilikuwa nawapa wazazi bure. Lakini ameniangalia usoni na hana kalamu mkononi.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Nilidhani hutaweza. Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri jibu hilo na si jingine.

"Hata mimi nilidhani sitaweza," akasema. "Ndiyo maana nilitaka niulizwe."

Wenzake wakamwita kwenye picha, akakimbia. Mimi nikalia pale pale na sahani ya wali mkononi, na mama yake akanishika bega bila kuniambia ninyamaze.